Mama aliyechora njia ya maji kwa majivu, na matofali yangu yaliyoiziba

Wakuu, habari za huko mliko. Kaeni nami dakika chache mnisikilize. Haya niliyaona kwa macho yangu hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, na sehemu ya aibu ni yangu mimi, kwa hiyo sina sababu ya kuipamba.

Juzi nilikuwa Mbarara kuchukua mitumba kwa Hajji mmoja. Nikamwambia maji yalitutembelea. Akacheka.

"Sebo, mafuriko Nakivale? Huko si kavu? Watu wanalia maji!"

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Niwaeleze mahali kwanza ili tuwe pamoja. Mtaa wetu uko kwenye mteremko. Juu kuna kilima ambacho miti yake tuliimaliza wenyewe kwa kuni na mkaa. Katikati linapita korongo. Sehemu kubwa ya mwaka ni kavu, na udongo wake unashikana vizuri. Basi sisi tunafanya nini? Tunachimba humo udongo wa matofali, na matofali yenyewe tunayaanika humo humo. Hakuna kubeba mbali.

Mwaka huu, kabla ya mvua, Mama Riziki alianza kazi yake. Huyu ni mama muuza dagaa, alikuja kutoka milima ya juu ya Uvira, Congo, huko huko nilikotoka mimi. Alipanda kilima na ndoo ya majivu, akashuka akimwaga mstari mweupe pale alipoona maji yatapita. Mstari ukiingia kwenye ua wa mtu, anasimama, anasalimia, anaeleza.

Watu walimcheka sana. Mmoja akamwuliza, "Mama, umetuonyesha njia ya maji. Njia ya Kampala je, iko wapi?"

Akajibu, "Ya Kampala utalipa gari. Hii maji itakubeba bure."

Akafika kwangu. Mstari ukagonga matofali yangu.

"Papa Neema, matofali yako imelala mu njia ya wenyewe."

"Njia ya nani, Mama?"

"Ya maji."

"Mama, hapa si kwetu. Hapa kuko mulima gani?"

Hakukasirika. Alinionyesha kilima kwa kidole. "Ona vile iko uchi. Mvua ikipiga kule, maji haina fasi ya kujishikilia. Itashuka yote mara moja. Hata huku kwako jua inawaka, itakukuta."

Nilihamisha nusu ya matofali ili aniache. Nusu nyingine nikasema yakikauka nitayatoa.

Chini kidogo ya matofali hayo ndipo alipokaa Mama Furaha. Alikuwa amejifungua mapacha kwa kupasuliwa, hata hatua kumi zilimshinda. Mama Riziki alipita nyumba zote za mstarini akiuliza swali moja: "Humu ndani, nani hawezi kukimbia?" Kila aliyetajwa alipewa watu wake wa kumbeba. Mama Furaha alipewa wamama wanne wa kwaya.

Wakatengeneza kipoyi, ile machela ya miti tuliyokuwa tukibebea wagonjwa milimani. Kwetu hiyo ni kazi ya wanaume. Wakafanya mazoezi hadi kanisani, kwenye mwinuko, na wa kubebwa akawa kiongozi wa kwaya, mama mwenye mwili wake. Yeye juu anaimba, wao chini wanapiga kelele, "Punguza sauti, inaongeza kilo!" Sisi wanaume tulisimama pembeni tunashika mbavu.

Siku yenyewe ilikuwa mchana. Kwetu yalidondoka manyunyu tu, lakini kilimani kulikuwa kweusi na kunanguruma. Korongo likaanza kuteremsha maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mama Riziki akapuliza firimbi. Wamama wanne wakaingia kwa Mama Furaha bila kupiga hodi, wakatoka naye. Wa tano alibeba mapacha.

Halafu maji yakapungua ghafla. Yakabaki ya kifundo cha mguu.

Wengine tukashangilia. Mimi nikakimbilia korongoni na turubai kufunika matofali yangu.

"Papa Neema! Maji imenyamaza na mvua ingali inalia! Panda! Panda!"

Sauti ile ya Mama Riziki ilinitoa humo kabla akili yangu haijaelewa. Sababu yake ni hii, wakuu: mvua ikiwa inaendelea juu na mto ukapungua ghafla, huenda kuna kitu kimeuziba. Magogo, udongo, migomba. Maji yanajikusanya nyuma yake, na kizuizi kikiachia yanakuja yote pamoja.

Yalikuja. Yalipiga matofali yangu, yakashindwa kupita, yakageukia kushoto. Ukuta wa Mama Furaha ukaanguka ndani, juu ya kitanda.

Kitanda kilikuwa kitupu.

Nilikwenda kanisani nikamwambia Mama Furaha ukweli mbele ya watu, kwamba ni matofali yangu yaliyoyapeleka maji kwake. Akajibu, "Papa Neema, wale wamama walinibeba. Weye utanijengea." Basi. Ukuta huo niliujenga mimi, na tumeusogeza juu zaidi, mbali na korongo.

Mama Riziki hakusema hata mara moja "nilikuambia". Asubuhi alikuwa kwangu na ndoo. "Maji imebadilisha njia. Tutaifuata tena." Nikambebea majivu.

Nimejifunza kwamba onyo peke yake halitoshi. Mimi nilionywa vizuri kabisa na bado nikabaki na matofali yangu. Kilichotuokoa ni kwamba yule mama aligawa kazi kabla, kila mtu akijua atambeba nani na kuelekea wapi.

Ninyi mnaokaa Isingiro, Kasese, Bukavu, popote penye miteremko, mna ishara gani mnazozijua? Andikeni hapa chini, mwingine atazihitaji.

Na wiki hii, kabla mvua haijaanza, panda na jirani yako hadi juu ya mteremko wenu, mshuke mkifuata njia ya maji, na kila mnachokikuta kimeiziba mkiondoe chote siku hiyo hiyo.