Kifaa Kisichongoja Jibu

Ijumaa nilienda kumchukua mpwa wangu katika shule moja ya msingi hapa Kakamega. Mlangoni mwa darasa alisimama bibi mmoja, jembe begani. Alikuwa amekuja kumwondoa mjukuu wake katika klabu ya kompyuta.

"Mwalimu, Jumamosi sisi tunapalilianga mahindi," alisema. "Huyu anakuja huku kuchezea taa."

Msichana huyo alimwekea bibi yake kiganjani kifaa kidogo kama kibiriti. "Kukhu, kitikise."

Bibi akakitikisa. Vitaa vyekundu vikaandika herufi moja moja: MULEMBE. Papo hapo vikaendelea: HABARI YA NYUMBANI. Kisha vikazima.

Bibi alikirudisha kwa vidole viwili. "Kimenisalimia, lakini hakikungoja nijibu. Nani alikifunza?"

"Ni mimi, Kukhu."

"Basi ni wewe huna adabu."

Darasa likacheka. Msichana akakiunganisha na kompyuta ya mwalimu, akaongeza amri moja, akakileta tena. Safari hii kiliandika MULEMBE, kikatulia. Bibi akakitazama. Kikamngoja.

"Mulembe muno," akasema hatimaye, na mjukuu akamwonyesha kitufe cha kubonyeza. Hapo ndipo kikauliza habari ya nyumbani.

Bibi akashusha jembe. "Jumamosi aje. Lakini baba yake pia mmfunze. Anapiga simu kutoka Nairobi, anauliza habari, na kabla sijajibu amekata."

Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba klabu ni ya watoto peke yao. Nadhani hapo ndipo tunapokosea.