Jiwe la Bwana ya Rebeccah

Lile jiwe lilipofika kanisani kwetu kutoka Soin, likiwa juu ya lori la mchanga na vijana wamelikalia, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kulitukana. Nilikuwa nimesimama mlangoni na fimbo yangu. Nikasema, "Huyo naye, amerudi." Wazee wenzangu wakacheka wakidhani nafanya mzaha. Sikuwa nafanya mzaha hata kidogo.

Mimi naitwa Johana arap Tonui. Nyumba yangu iko chini ya kanisa, ukiteremka katikati ya mashamba ya chai kwenda mtoni. Huyo niliyemtukana ni ndugu yangu mkubwa, Kipkirui, aliyekufa Burma kwenye vita vya Wazungu na Wajapani. Mwaka huo wa tisini na tano ilikuwa miaka hamsini tangu vita viishe, na kamati ya kanisa ikakata shauri kuweka jiwe la ukumbusho wa wanaume wa hapa waliokwenda wasirudi. Majina yalikuwa saba. La ndugu yangu likawekwa la kwanza. Ati kwa sababu alikuwa koplo. Huyo hata akifa ni lazima awe mbele.

Sasa kabla hujaniita mzee mbaya, ngoja nikueleze vile mambo yalivyokuwa, maana hapa kwetu kila mtu anajua na hakuna anayesema.

Rebeccah nilimwona mimi kwanza. Nilikuwa nimepeleka ng'ombe za baba kulamba chumvi, naye amekuja na za kwao. Fahali wetu akapiga ndama yao, na huyo msichana akanitukana mimi, sio fahali. Alinitukana vizuri sana. Nilirudi nyumbani nikiwa nacheka peke yangu njia nzima. Lakini mimi nilikuwa mdogo, jandoni sijaingia, na Kipkirui ndiye mkubwa. Mwaka uliofuata mzee wetu akamtafutia mtoto wake bibi, na akatafuta wapi? Kule kule. Hata ng'ombe za mahari nilizipeleka mimi, kwa miguu yangu, nikizichapa na fimbo yangu.

Walikaa miezi mitano. Halafu bwana mkubwa akajiandikisha Keya, jeshi la Mwingereza, akavaa kofia, akaenda. Habari ya kufa kwake ilikuja kwa chifu. Tulipomaliza kuomboleza, wazee wakaniita. Wakati huo mimi pia nilikuwa nimekuwa mwanaume. Wakaniambia, "Ingia nyumba ya ndugu yako."

Kwetu Kipsigis, mwanamke aliyetolewa ng'ombe haolewi mara ya pili. Bwana yake akifa, ndugu anaingia, analima, anazaa, lakini boma ni la marehemu na watoto ni wa marehemu. Mimi na Rebeccah tumezaa watoto sita. Wote, kuanzia Robert mpaka Chepkosgei kitinda mimba, ni watoto wa Kipkirui. Vijana wanaitwa arap Kirui, yaani wana wa Kipkirui. Robert alizaliwa mtu huyo akiwa ameshakaa miaka mitano ndani ya udongo wa Burma, sasa wewe niambie alimzaa namna gani. Na ukiuliza wazee Johana ana watoto wangapi, kwa haki ya mila watakuambia hana hata mmoja.

Watu walinishauri nioe wangu, wa jina langu. Lakini tukaokoka, na kanisa likasema bibi ni mmoja. Na kusema kweli, kanisa halikunizuia kitu. Sikutaka mwingine. Nilimtaka huyo huyo wa ndama. Nilitaka tu siku moja, kabla sijafa, mtu asimame mbele ya watu aseme: huyu ni Johana, bwana ya Rebeccah. Sikutaka jiwe, nilitaka hilo neno tu.

Basi badala yake likaja jiwe. Na pamoja na jiwe ikaja ile picha. Rebeccah alikuwa nayo kwa sanduku, ndogo, imekunjika, Kipkirui na kofia yake. Pasta akaipeleka mjini Bomet ikakuzwa, ikawa kubwa kama dirisha, ikatundikwa kando ya mimbari. Kila Jumapili nikawa naomba huku ananitazama. Yeye ana miaka ishirini na mbili mpaka leo, meno yote, shingo nyororo. Mimi nina meno manne na mgongo umepinda kwa kuchuma chai. Nitashindana na huyo vipi? Mtu aliyekufa hana siku mbaya. Hajawahi kurudi nyumbani na matope, hajawahi kuugua tumbo, hajawahi kugombana na mtu juu ya chumvi.

Jina lake lilipokuwa linachongwa, nilienda kuona. Fundi alikuwa Nganga, Mkikuyu wa Bomet mjini ambaye amekaa kwetu mpaka anatukana kwa Kipsigis bila kukosea.

Nikamwambia, "Fundi, hapa chini naona kuna nafasi."

"Nafasi ya nani, mzee?"

"Johana arap Tonui."

"Huyo alifia wapi?"

"Hajafa."

Nganga akaweka patasi chini, akanitazama. "Mzee wangu, ukitaka nikuchonge hapa, kwanza fanya ile kazi wenzako walifanya."

Ningemtandika na fimbo, lakini alikuwa amenipa chai. Nikamaliza chai yake, nikaenda zangu.

Wiki ya kufungua jiwe, pasta akaja nyumbani na utaratibu wa sherehe. Huyu pasta ni kijana wa Chepseon, tulikuwa tumeletewa Pasaka hiyo, na ana heshima mpaka inakera. Akasema mjane wa marehemu atafunua kitambaa, halafu azungumze kidogo juu ya mume wake. Watoto wa marehemu watasimama nyuma yake.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe, Boiyo, mzee wetu, tumekuwekea kiti kizuri na ndugu wa marehemu."

Ndugu wa marehemu! Ndani ya nyumba niliyoezeka mimi, akiwa amekalia kiti nilichonunua mimi, anakunywa maziwa ya ng'ombe wangu. Nilitoka nje nikaenda kusimama na huyo ng'ombe.

Pasta alipoondoka, nikarudi nikamwambia Rebeccah, "Usiende mbele. Waambie mguu unauma."

"Mguu wangu hauumi."

"Basi waambie hutaki."

Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Nikatae jina lililonileta hapa? Ng'ombe zilienda kwetu kwa jina lake, baba Robert. Hilo unajua, wewe ndiye ulizipeleka."

"Na mimi ni nani hapa?"

"Wewe ni mzee mzima anayemwonea wivu mtu aliyekufa."

"Ndiyo!" nikasema. "Namwonea! Namwonea wivu kabisa!"

Akaendelea na mboga zake. "Wameniambia nizungumze juu ya bwana yangu, na nitazungumza. Wewe vaa koti safi tu." Siku zote zilizobaki sikula naye meza moja. Alikuwa ananiwekea chakula, na mimi nakipeleka kukilia nje kwa kigoda, mvua ikiwepo na isipokuwepo.

Jumapili yenyewe kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. D.O., mkuu wa tarafa, alikuja. Jiwe lilikuwa limeingizwa ndani kwa siku hiyo, limefunikwa kitambaa cheupe. Mimi nikakaa kwa kile kiti kizuri. Pasta akasoma, "Mjane wa marehemu Koplo Kipkirui arap Tonui, Mama Rebeccah, pamoja na watoto wa marehemu!" Watoto wangu wakasimama, sita wote. Robert na kipara chake mbele. Kila uso pale una pua yangu, pua ambayo hata ile picha haikuwa nayo. Nilimwona D.O. akitazama jiwe, akitazama Robert, akihesabu kwa vidole chini ya kofia aliyoipakata.

Rebeccah akashika mimbari. Alikuwa amevaa kitambaa cha bluu kichwani, na haki ya Mungu, alikuwa mzuri.

"Bwana yangu hakuwa mtu wa maneno matamu," akaanza. "Lakini alikuwa mtu wa kazi. Wakati tuliruhusiwa sisi Waafrika kupanda chai, alibeba miche kichwani, mvua inanyesha, siku baada ya siku mpaka shamba likajaa. Hakuna mche hata mmoja ulikufa."

Nikainua kichwa. Chai? Kipkirui alikufa chai ikiwa ya makampuni ya Wazungu peke yake.

"Nilipomzaa huyu Chepkosgei nikakaribia kwenda, alinibeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni. Njia nzima alikuwa ananigombeza nisilale. Na niliporudi nyumbani bila nguvu, alichota maji mtoni mwenyewe. Wanaume walimcheka. Akawaambia waende wakachekee kwao."

Upande wa wanawake nikaanza kusikia watu wanakohoa ndani ya vitambaa vyao. Nelvine, mjukuu wetu, alikuwa amefunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanatikisika.

"Chakula changu hajakishukuru hata siku moja. Lakini nikiwa sijaketi, hawezi kula."

Pasta wa watu alikuwa anafuta machozi. "Bwana asifiwe!" akasema. "Kweli Kipkirui alikuwa mume wa ajabu! Tumpigie Mungu makofi kwa ajili ya maisha ya Kipkirui!"

Na watu wakapiga makofi! Hata hiyo? Jina amechukua, watoto amechukua, sasa anachukua na mgongo wangu? Maji yangu ya mtoni? Nikajikuta nimesimama, fimbo mkononi, sijui hata nataka kusema nini. Makofi yakanyamaza. Kanisa zima likanigeukia.

Rebeccah akanitazama kutoka mimbarini.

"Na tena ana wivu, huyo mtu," akaambia watu. "Mtazameni, si amesimama pale? Keti chini, Johana bwana yangu, wacha nimalize."

Kanisa likalipuka. Watu walicheka mpaka waliokuwa madirishani wakauliza kuna nini na wao wakaambiwa, wakacheka upya. Pasta akatazama picha, akanitazama mimi, akatazama watoto sita na pua zao, halafu maskini akakaa chini polepole. Robert alikuwa anacheka na kulia pamoja. Mimi nilikaa. Sijawahi kufurahi hivyo, siku ya kubatizwa wala siku yoyote nyingine, na sitaki mtu aniambie ni dhambi. Rebeccah akavuta kitambaa cheupe cha jiwe, akaweka kiganja chake juu ya jina la ndugu yangu, akakiacha hapo muda kidogo. Siku hiyo niliona ni sawa, akiweke tu.

Jioni tulikaa jikoni, sisi wawili. Nilikula naye meza moja. Kifua kilikuwa bado kimejaa, nikataka kusikia tena, kama mtoto. Nikajifanya nauliza tu.

"Lakini wewe, mama Robert. Siku ya mtu, jiwe la mtu, na hukusema neno lake hata moja."

Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Nilitaka," akasema. "Wiki nzima nimeangalia ile picha nikitafuta la kusema. Sina. Mtu aliyenitoa kwetu, na hata sauti yake imenitoka. Najaribu kumsikia, simsikii." Akafuta macho na kanga, halafu akashindwa, akalia kabisa. Miaka yote hiyo sijamwona akilia namna hiyo, hata tulipozika mama yake. "Johana, wewe ulilala naye nyumba moja tangu utoto. Wewe unaikumbuka? Alikuwa akiongea vipi?"

Naikumbuka. Ilikuwa nzito, ya polepole, na alikuwa na kikohozi kidogo kabla ya kuanza kusema. Rebeccah alikuwa akimwita Cheptoo, jina la mama huyo la kabla ya ubatizo, na alikuwa akilivuta mwishoni, vile unamwita ng'ombe unayempenda atoke majanini. Naweza hata kuiiga. Gizani mama yetu alikuwa akikosea sauti zetu, ananiita mimi Kipkirui. Ningefungua mdomo tu, angemsikia pale pale jikoni.

"Miaka imekuwa mingi," nikamwambia. "Hata mimi sikumbuki."

Nikasukuma kikombe changu mbele aniongeze chai.