Mabeseni Matatu ya Bati

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, ndevu zangu zikiwa bado za kuhesabika, Bi. Nyangeta alipofika kwenye karakana ya mjomba wangu Musoma mjini akiwa na beseni kubwa la bati nyuma ya gari. Lilikuwa la duara, pana kiasi cha mtoto kulala ndani akajinyoosha, na kina chake hakikufika goti. Mimi na Mjomba Idi tulidhani amelileta tulizibe. Akacheka, akasema beseni lile halivuji hata tone, na limetembea kuliko sisi wote pale. Limetoka Kisumu, limepita kwa mafundi kadhaa kando ya ziwa, na likitoka kwetu litakwenda Mwanza. Kila lilipofika, mafundi walitakiwa watengeneze mengine yaliyo sawa nalo, kisha waliachie liende.

Mwanangu, najua wewe umezaliwa wakati wa mitambo inayopima mvua yenyewe na kutuma majibu angani bila mtu kuinama. Lakini subiri kidogo, maana ninachotaka kukwambia hakijazeeka.

Bi. Nyangeta alifanya kazi katika ofisi ya hali ya hewa, na alikuwa na subira ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alikaa kwenye kigoda chetu, akamwaga chai kidogo kwenye kisahani, akakiweka juani. Akatuuliza, baada ya saa chache chai ile itakuwa wapi. Mjomba akajibu kwamba itakuwa imekaushwa na jua. Bi. Nyangeta akasema ndiyo, ila kukauka si kupotea. Jua linapiga ziwa kutwa nzima, maji yanapanda yakiwa mvuke, na mvuke ule unaondoka umebeba sehemu ya joto la jua, kama mtu anavyoondoka sokoni na kapu. Huko mbele, kwenye baridi ya juu, kapu linafunguliwa: maji yanashuka kuwa mvua na joto linabaki hewani. Wingu lililopandia Murangi, hapa kando ya ziwa, laweza kumwaga maji Bunda, au ng'ambo ya mpaka, au mbali zaidi tusikokujua. Kwa hiyo anayetaka kujua habari ya mvua hawezi kupima kijijini kwake tu. Nchi za kando ya ziwa, na zile ambazo mito yake inaingia humo, zilikuwa zimekubaliana kupima pamoja maji yanayopanda, na nyingine za mbali zilikuwa zinangoja kuyaunganisha majibu yetu na ya kwao.

Na ili majibu yaunganike, kila kitu kilipangwa kiwe kimoja: ukubwa wa beseni, aina ya bati, kimo kutoka ardhini, hata saa ya kusoma. Sisi tungesoma saa tatu asubuhi, na wenzetu wa Rwanda na Burundi wangesoma saa zao zikiwa saa mbili, maana ndio wakati uleule. Siku ya kuanza ilikwisha pangwa, mwanzo wa mwezi uliofuata. Kwa upande wetu yalihitajika mabeseni matatu, moja Musoma, moja Bunda, moja Butiama. Atakayechelewa, au atakayeleta kipimo kisichofanana na cha wenzake, eneo lake lingeachwa wazi kwenye ramani msimu mzima. Bi. Nyangeta alikuwa amehangaika muda mrefu kuwashawishi wakubwa wake kwamba mkoa wetu wa Mara nao uingie. Hilo alilisema mara moja tu, akiwa anatazama kikombe chake.

Jioni ya siku hiyo Mjomba alipata habari ya msiba wa ndugu yake Kigoma. Kabla ya kuondoka alinikabidhi ufunguo wa karakana. Nilikuwa sijawahi kukabidhiwa kazi nzima peke yangu. Akaniambia, "Mfano huo hapo. Ukikwama, utazame."

Sikukwama, mwanangu. Ndiyo shida yenyewe.

Beseni la kwanza nililitengeneza kama mfano, likaja vizuri. La pili lilikuwa la Bunda, na kabla ya kulianza nilikwenda kupaona mahali litakapokaa. Nikamkuta mzee mmoja mfugaji, Mzee Magesa, ambaye boma lake lilipakana na kiwanja hicho. Aliposikia kwamba tunataka kuweka beseni la maji pale wazi, alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Kijana, ng'ombe wangu wanapitaga hapa kila asubuhi. Nyie watu wa Musoma mna ziwa zima, mnakuja kuwawekea ng'ombe wa Bunda sahani?" Nikarudi nikiwaza. Nikaona nikiinua kuta za beseni ziwe ndefu, pua ya ng'ombe haitafika majini. Nikaziinua. Lilipendeza.

La tatu lilikuwa la Butiama. Jirani yetu mmoja aliyewahi kuishi huko aliniambia maji ya kisima chao yanakula bati. Nikaona nilisaidie beseni lisioze, nikalipaka lami nyeusi ndani yote, tabaka juu ya tabaka, likang'aa kama kiatu cha askari. Nilijisikia fundi kweli. Majirani walikuja kuyatazama, nami niliyapanga mlangoni ili wapita njia wayaone.

Mjomba aliporudi, alisimama mbele ya yale mabeseni na begi lake bado mkononi. Akayazunguka. Akasema, "Uliambiwa ulete mapacha, umeniletea ukoo mzima."

Nikamweleza habari ya ng'ombe wa Bunda na maji ya Butiama. Nilieleza vizuri, maana nilikuwa na sababu nzuri, na wewe ujue kwamba mtu mwenye sababu nzuri ndiye mgumu zaidi kumrudisha njiani. Mjomba alimtuma mtu amwite Bi. Nyangeta.

Bi. Nyangeta alipofika, nilitarajia angenigombeza. Hakufanya hivyo. Aliniomba nichote maji niyajaze mabeseni yote matatu pamoja na lile la mfano, kipimo kimoja kila moja, na niyapange kwa mstari katika ua wetu, pale jua linapopiga kutwa. Akasema tuyaache, asiguse mtu. Zikapita siku za jua kali bila wingu. Aliporudi, aliniita nipime mwenyewe kwa rula.

Beseni la mfano na la Musoma yalikuwa yamepungukiwa sawasawa, huwezi kuyatofautisha. Lile jeusi lilikuwa limepungukiwa zaidi, maana weusi ule ulikuwa umelivuta jua na kuyapasha maji moto. Lile la kuta ndefu lilikuwa limepungukiwa kidogo tu, kwa sababu upepo haukuyafikia maji vizuri, na kuta zenyewe zilitia kivuli asubuhi na jioni.

"Sasa fikiri ningeyapeleka," Bi. Nyangeta akaniambia. "Ningeandika kwamba Butiama maji yanapanda sana na Bunda hayapandi. Watu wa nchi nyingine wangeniamini. Wangekaa kutafuta sababu, labda ni upepo, labda ni milima. Na kumbe yote yalikuwa kwenye ua mmoja, chini ya jua moja."

Nilisema jambo ambalo hata leo nikilikumbuka natabasamu. Nilisema, "Lakini bibi, haya ni bora kuliko mfano."

Mjomba Idi ndiye aliyenijibu. "Ni bora, sikatai. Ungeyauza sokoni, ningekusifu. Lakini huyu mama hakutaka lililo bora. Alitaka fundi wa Kisumu na fundi wa Mwanza wakisema kitu, wewe uwe unasema kitu hichohicho. Waliotutangulia wametazama mfano, wamejizuia. Unadhani hawana akili za kuongeza?"

Maneno hayo yalinikaa. Nilikuwa sijawaza hata mara moja juu ya mafundi wale wengine. Niliuona mfano kama amri ya ofisi, kumbe ulikuwa ahadi kati ya watu ambao hawakuwahi kuonana, kila mmoja na nyundo yake, kila mmoja amekubali kuacha ujanja wake pembeni ili kazi yake isomeke pamoja na ya mwenzake.

Basi siku ya kuanza ilikuwa karibu. Beseni la Bunda tuliweza kulikata kuta na kulikunja ukingo upya. Lile jeusi halikuwa na dawa, lami ilikuwa imeshika. Na bati bapa la unene ule halikuwepo Musoma, tulilitafuta duka hata duka. Lililokuwepo lilikuwa moja tu, ndani ya karakana yetu, limewekwa kwa ajili ya tangi la maji la msikiti. Mjomba alivaa kofia yake akaenda kuongea na wazee wa msikiti. Alinichukua nami nikae nisikilize. Hakunitaja kwa kosa. Alisema tu kazi ya watu wengi imekwama, na akawaeleza habari ya kisahani cha chai, vilevile kama alivyoelezwa. Mzee mmoja akauliza kama upimaji huo utawasaidia pia watu wasiosali pale. Mjomba akasema mvua haichagui. Mzee akajibu, "Basi hata tangi letu linangojea mvua hiyohiyo. Chukueni, mtaturudishia."

Tulifanya kazi kutoka alfajiri. Safari hii beseni la mfano lilikaa mbele yangu, na kila nilipopiga nyundo nililitazama. Nakwambia kweli, kutengeneza kitu kilicho sawasawa na kingine kulinitoa jasho kuliko ubunifu wangu wote.

Kuhusu maji ya Butiama, tulikubaliana bati likiliwa tutatengeneza jingine sawa nalo. Yakabaki maneno ya ng'ombe. Tulipoliweka beseni la Bunda juu ya fremu yake ya mbao, Mzee Magesa alikuja, akaliangalia, akatikisa kichwa. "Mmelifupisha sasa. Si ndio sahani yenyewe niliyosema?"

Nilimtazama Bi. Nyangeta. Akaniambia, "Beseni usiliguse. Lakini kila kilicho nje ya beseni ni chako. Fikiri huko."

Ndipo akili yangu ilipopata mahali pa kukaa. Nilimwomba Mzee Magesa anisaidie kujenga uzio wa matawi ya miiba, mfupi usizuie upepo, na uwe mbali kidogo usitie kivuli kwenye maji. Yeye ndiye aliyejua ng'ombe anashindwa kuvuka miiba ya namna gani, na mbuzi je. Na lile beseni jeusi nililokuwa nimelionea fahari na kisha aibu, tulilipakia garini tukampelekea. Tulilikalisha upande wake wa uzio, likawa la kunyweshea ng'ombe, ili asubuhi wakikuta maji yao wasiwe na haja ya kuvamia. Mzee alilipapasa, akaridhika. "Jeusi la ng'ombe, jeupe la serikali," akasema. "Nitawaelekeza. Hawajuagi kusoma, lakini rangi wanaijua."

Siku ya kwanza ya kupima niliomba niwe Bunda. Ilipofika saa tatu, msomaji aliinama juu ya maji. Mzee Magesa alisimama nje ya uzio na fimbo yake, hata ng'ombe akawazuia wasipite, kana kwamba kuna mtu analala. Nilijua kwamba dakika ileile kuna mtu ameinama Musoma, mwingine Butiama, mwingine Kisumu, na wengine katika nchi ambazo sikujua hata majina ya miji yake. Sikuwahi kujiona mkubwa kama siku ile, na nilikuwa nimetengeneza kitu ambacho hakuna mtu angeweza kukitofautisha na cha mwenzangu.

Mkoa wa Mara uliingia kwenye ramani. Na tangi la msikiti tulilirudishia bati lake, nikalitengeneza mimi, likiwa na ubunifu wote niliokuwa nimeuzuia. Mjomba alilitazama akasema hapo ndipo mahali pake. Ufunguo wa karakana hakuuomba tena.

Mwanangu, wewe unayekwenda sasa kufanya kazi na vyombo vya siku hizi, vinavyoongea na setilaiti, utakutana na jambo hilihili likiwa limevaa nguo nyingine. Utapewa kipimo, na utaona namna ya kukiboresha, na huenda utakuwa sahihi. Kabla hujakigusa, uliza ni nani wengine wanacho. Kama unaona kibadilishwe, waambie wote, mbadilishe pamoja siku moja. Ukishindwa kuwashawishi, shikamana na kile mlichokubaliana. Ziwa letu limepanda miaka ya karibuni likaingia hadi kwenye mabanda ya watu, na hakuna nchi moja inayoweza kukaa peke yake ikaelewa kwa nini. Vijana wanaokaa meza moja leo wakalijadili wanaweza kuelewana kwa sababu maji yao yamepimwa kwa namna moja.

Na akili yako usiizime, maana hukupewa bure. Ipeleke kwenye uzio. Iko kazi nyingi pale nje ya beseni: kumsikiliza mfugaji, kuwaelewesha wazee, kutafuta bati lisilopatikana, kumpa ng'ombe maji yake. Huko hakuna atakayekuzuia kuwa bora kuliko wote.

Mungu aibariki mikono yako iwe minyoofu juu ya kipimo na myepesi kwa watu. Akupe wenzako wa mbali usiowajua ambao kazi yao itaungana na yako bila mshono kuonekana. Na kila utakapoinama kusoma maji yako, akujalie mtu wa kukushikia ng'ombe.