Ukiuliza Umelalaje, Subiri Jibu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu Deo, ilikuwa ya mavuno ya maharage. Jua lilikuwa la utosini, nami nilisimama ukingoni mwa bonde letu la Mbuba nikimtazama kaka yangu Sospeteri akichimba tope kwa mikono. Alikuwa amezama hadi kiunoni. Nilimwita mara tatu, hakugeuka. Nitakueleza alichokuwa akitafuta mle, na ni nani aliyemsukuma kuingia. Lakini usijisumbue kukisia, nakwambia mapema: aliyemsukuma ni mimi.

Wewe ni mjukuu, najua, ila mtoto niliyembeba mgongoni namwita mwanangu, na leo mwanangu utanisikia. Nimekasirika tangu juzi. Nilikuwa natoka kanisani nikakukuta pale dukani na wenzako, mmemzunguka babu yako Sospeteri, mzee wa miaka sabini na ushee, mmempa chupa ya pombe kali, na wewe umemwekea simu usoni. Nilikusikia kwa masikio yangu: "Babu, ile ya buti! Tupe ile ya buti!" Naye akasimulia, mkacheka mpaka mkashikana mabega. Jana ukaniletea simu eti nione watu walivyocheka huko mjini. Ukaniamkia vizuri, shikamoo bibi, kisha ukanionyesha uchafu ule. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kaa chini, na hiyo simu iweke mbali.

Miaka ile tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Nyumba zilipangwa mstari, shamba la kijiji upande wa juu, bonde upande wa chini. Vita vya Kagera vilipoanza, kaka alikuwa mgambo, akaitwa pamoja na vijana wengine wa Mbuba na Kanazi. Mama hakulala vizuri mpaka aliporudi. Alirudi mzima, miguu yote, mikono yote, na kijiji kikapiga vigelegele. Sisi tukaamini kwamba mtu mwenye mikono na miguu yote hana jeraha.

Sasa, unajua desturi yetu ya pombe ya ndizi. Inakaa kwenye kibuyu, watu wanakaa kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Kumwita mtu aje na mrija wake ni kumpa heshima. Basi kaka aliporudi kila nyumba ilitaka kumpa heshima hiyo, leo kwa balozi wa nyumba kumi, kesho kwa jirani, keshokutwa kwa wajomba. Lilikuwa jambo jema siku ya kwanza, na hata wiki ya kwanza. Sisi tuliliendesha kwa miezi.

Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza la saba, sijaolewa, na kichwa kimejaa sifa. Nilikuwa dada wa shujaa! Mrija wa kaka niliutunza mimi, nikauviringisha kwenye kitambaa safi. Mimi ndiye niliyekubali mialiko hii na kukataa mingine, nikakaa kando yake na kumkumbusha hadithi. Na iliyopendwa kuliko zote ilikuwa hiyo hiyo unayoipenda wewe.

Alisimulia hivi. Walikuwa wakivuka bwawa la tope huko Uganda, yeye na rafiki yake Masanja, Msukuma wa Shinyanga, mrefu, aliyepewa mabuti makubwa kuliko miguu yake. Buti moja la Masanja likanasa. Kaka alikuwa akisimama na kumwigiza: anavuta, anapepesuka, anavuta tena. Hapo mimi nilidakia maneno ya Masanja kwa lafudhi ya Kisukuma, "Sospeteri, nivute! Sospeteri, nivute!" Watu walicheka hadi machozi. Kaka aliishia hapo, akainama kwenye mrija wake, akanywa kwa muda mrefu. Katika miezi yote ile hakuna mtu aliyewahi kuuliza kama buti lilitoka.

Dalili zilikuwepo, mwanangu, tena mchana kweupe. Asubuhi mikono yake ilitetemeka. Chakula alikigusa akakirudisha. Jembe hakulishika, na aliweza kukaa siku tatu bila kuoga, mtu ambaye kabla ya vita alikuwa nadhifu kuliko sisi wasichana. Mama aliponiuliza, nilimjibu kwa kiburi, "Mwache, mama, shujaa anapumzika." Na kila asubuhi nilipita mlangoni kwake nikamwambia, "Kaka, umelalaje?" Akajibu, "Vizuri." Ila alipokuwa akijibu mimi nilikuwa nimeshafika jikoni.

Siku ile ya maharage tulikuwa kwa balozi, ambaye alikuwa na wageni. Nikasema, kaka, wasimulie ile ya buti. Akaniambia polepole, "Leo hapana, dada." Ilikuwa mara yake ya kwanza kukataa. Nami, mbele ya wageni, nikamjibu, "Usituaibishe." Unasikia neno hilo? Bado lipo mdomoni mwangu, halijatoka mpaka leo. Akasimama, akaanza. Alipofika kwenye kuvuta, nami nikapiga ile sauti yangu ya "nivute", kaka akanitazama kama hanijui, akatoka nje. Watu waliendelea kucheka. Nilidhani amekwenda kujisaidia. Alipokawia nilimfuata, ndipo nikamkuta bondeni kama nilivyokwambia. Wanaume wanne walimtoa, na alikuwa amekumbatia bonge la tope kifuani, hataki kuliachia.

Watu wakaanza kusema. Huyu akasema amerogwa, yule akasema ni mizimu ya vita, mwingine akashauri afungwe kamba asije akadhuru watoto. Afungwe kamba! Juzi walikuwa wanagombania kukaa karibu naye kibuyuni. Mama hakubishana na mtu. Alituma ujumbe Nyarubungo, upande wa Biharamulo, alikoolewa Shangazi Anjelina, dada mkubwa wa baba. Baba alikuwa amekwisha kufa.

Shangazi alifika siku ya pili, ameshuka kwenye lori, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mimi nikapiga goti, shikamoo shangazi. Hakuitikia marahaba. Aliuliza, "Jana amekula nini?" Tukatazamana. "Amelala kiasi gani wiki hii?" Mama akanigeukia mimi. "Akiwa na jambo moyoni anamwambia nani?" Nikajibu kwamba kaka anaongea sana, anasimulia kila siku, mimi hadithi zake zote nazijua.

"Unajua vita vyake vyote na hujui kama amekula," akaniambia. "Kila siku umemwuliza alifanya nini kule. Ni lini umemwuliza vile vitu vinamfanya nini hapa?"

Kisha akadai mrija. Niliuleta ndani ya kitambaa chake. Akauvunja gotini vipande viwili, wanaume wakiwa wamekaa pale pale. Kumvunjia mwanaume mrija mbele ya watu halikuwa jambo dogo, na balozi akashtuka, "Mama, huo ni mrija wa mwanaume!" Shangazi akamjibu bila kugeuka, "Mirija inaota. Mtoto wa kaka yangu haoti." Halafu akaninyooshea kidole. "Na huyu naye ajiandae, tunaondoka naye. Ameweza kumtembeza kwenye pombe, ataweza kumtembeza shambani."

Nyarubungo sikuona uganga wowote, na nilikuwa nautarajia. Kwanza tulimpeleka zahanati, wakampima, wakampa dawa za malaria na minyoo, kwa sababu mwili wenye homa hauwezi kubeba moyo mzito. Baada ya hapo ilikuwa mambo madogo madogo, yanayochosha kwa udogo wake. Kunawa uso na miguu alfajiri. Uji wa mtama kabla ya neno lolote. Maji ya kunywa yachemshwe, hata kama kuni ni za kutafuta mbali, na kuni nilizitafuta mimi. Jembe mpaka jua lipande, asizidishe, kisha apumzike kivulini. Ndizi na maharage na mboga za majani saa ile ile kila siku. Jioni aoge, sabuni zilikuwa adimu baada ya vita lakini maji hayakuwa adimu. Kisha tutembee mpaka mwisho wa mashamba na kurudi, watu watatu, hata kama hakuna wa kusema kitu. Pombe hakuna. Haba na haba hujaza kibaba, alisema shangazi, na alikuwa anapima kweli, siku kwa siku.

Na jambo moja kubwa. Kila asubuhi alichukua kigoda chake, akakiweka mbele ya kaka, akakaa. "Umelalaje?" Kisha akasubiri. Uji ulikuwa unafurika unamwagika motoni, shangazi haondoki. Kaka alisema, "Vizuri." Naye akamjibu, "Nimekusikia ukigeuka na kugeuka. Nitakuuliza tena kesho." Siku nyingi zilikwenda hivyo. Mimi niliona ni upotevu wa uji.

Asubuhi moja kaka akasema, "Sikulala, shangazi."

"Nini kimekunyima usingizi?"

"Masanja."

Akasema yote, akitazama chini. Buti halikutoka. Walikuwa wanapigwa risasi, Masanja amezama, kaka akamshika mikono akamvuta mpaka viganja vikateleza. Amri ikaja waondoke. Aliondoka. Akamsikia nyuma yake akiita, "Sospeteri, nivute," mpaka asimsikie tena.

Mimi nilikuwa nimeshika mwiko. Nikajua alichokuwa akitafuta kwenye tope la bonde letu, nikakumbuka na sauti yangu, ile niliyoiigiza kwenye kila nyumba ya Mbuba. Kaka hakuwa amewahi kutuchekesha, mwanangu. Alikuwa anaanza kutuambia, kila siku alikuwa anaanza, na sisi tulimkatiza kwa kicheko mahali pale pale. Nililia, na shangazi hakunibembeleza hata kidogo. Alimshika kaka mkono mpaka akamaliza, kisha akamwambia, "Kunywa uji ungali moto." Tukaenda shambani wote watatu.

Hakupona siku hiyo. Usidanganywe na watu wanaosema mtu akilia mara moja basi yamekwisha. Tulikaa kule mpaka msimu mwingine wa kupanda, kisha tukarudi Mbuba, na hata baadaye Masanja aliendelea kuja, ila alikuja kwa nafasi, mara moja kwa mwezi, mara moja kwa msimu. Kaka akaoa, akazaa, akalima. Na tangu mkewe alipofariki akahamia hapa kwetu, umeniona kila asubuhi nikibeba kigoda kwenda mlangoni kwake. Mlidhani bibi anakwenda kupiga soga. Mimi huuliza na kukaa. Akisema, "Nimelala," namshukuru Mungu. Akisema, "Masanja alikuja," naacha kazi zangu, tunakwenda pamoja kwenye migomba mpaka mikono yake itulie. Ndivyo tulivyoishi miaka arobaini na zaidi, hata kabla hajahamia kwangu, naye hajawahi kunidanganya kwa swali hilo.

Leo asubuhi nimemwuliza. Alikuwa amekaa, kitanda kimetandikwa kama hakikulaliwa. Akanitazama, akasema, "Vizuri." Na miguu yake ilikuwa na tope la bondeni, Deo, mpaka magotini.

Ndiyo, inama. Ningekuwa shangazi ningeshakuvunjia hiyo simu gotini, lakini mimi ndiye niliyeanza mchezo huu na wewe umeurithi, sina uso wa kukupiga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wewe na mimi wote tulicheka juu ya kitanda cha mwenzetu. Sasa sikiliza utakachofanya. Hiyo picha ifute leo, na hao uliowatumia waambie kwa nini umeifuta. Wenzako wa dukani waambie pia, tena kwa mdomo wako, kwamba babu hapewi chupa. Na wewe mwenyewe, unayelala na simu mpaka jogoo wa kwanza, ukaamka saa nne umenuna, ukanywa soda badala ya chai, unajua unaelekea wapi? Lala mapema. Amka unawe, ule, ushike jembe, utembee. Ukiwa na jambo linalokukaba, tafuta mtu mwenye kigoda umwambie kabla halijakutafutia bonde. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na maradhi ya moyo ni maradhi, yana zahanati yake na yana dawa yake. Na usiulize watu umelalaje huku unapita.

Kesho alfajiri kigoda utakibeba wewe. Utamwamkia babu, utamwuliza, utakaa. Akisema vizuri, usiondoke, hata kama uji unaungua. Nami nitakuwa nyuma yako.

Mungu akupe usingizi, mwanangu, na mikono isiyotetemeka. Na siku utakapokuwa na Masanja wako, maana kila mtu humpata wake, Mungu akuletee mtu wa kukaa mbele yako na kusubiri.