Kopo la Baruti Nililomwachia Mtani

Mtu aliyenifundisha kuchagua baruti ndiye aliyeniharibia ujana wangu, na hilo nalisema bila kupunguza sauti.

Wabelgiji walikuwa bado wanatoa amri Kolwezi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuoshea mawe ya shaba, nalala kambini, na nimepata mchumba. Baba yake alikuwa fundi wa reli aliyestaafu kutoka Tenke, mwindaji tangu ujana. Mahari tulishapatana. Lakini ukoo wao ulikuwa na sharti moja lisilonunulika dukani: mkwe alete paja la mnyama aliyempiga kwa mkono wake mwenyewe, ngozi ikiwa bado juu yake, kabla mvua hazijashika. Bila paja hakuna mke.

Bunduki nilikuwa nayo. Ni gobori la marehemu mjomba wangu, lile la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, ambalo kwetu tuliliita pupu. Lilikaa kijijini kwa shangazi, ng'ambo ya mto Lualaba. Kazi ilikuwa baruti yenyewe, kwa maana kibali cha serikali kiliruhusu kopo moja tu kwa mwaka. Ukikosea kuchagua, umekosea mwaka mzima.

Siku ya kununua nilikwenda na rafiki yangu, ambaye pia alikuwa mtani wangu. Koo zetu zimetaniana tangu mababu. Mtani anaweza kukutukana msibani kwako, kuchota chungu chako, kuondoka na kuku wako, nawe ucheke. Anayekasirikia utani ndiye mkosaji, na aibu yake huupaka ukoo mzima. Nami nilimpenda yule mtu kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Mjinga mimi.

Mwenye duka, mzee Mwislamu wa kutoka Maniema, alitufungulia makopo mawili. La kwanza lilikuwa na punje ndogo kama ulezi, la pili punje nene kama mtama.

"Hii ya kidogo inawaka mbio, ni ya kanga," alisema. "Hii ya munene inasukuma pole pole, ni ya nyama mukubwa."

Mimi nilitaka ile ndogo kwa sababu iling'aa. Mtani akanizaba kofi la kisogo.

"We uko mujinga kabisa, mutani! Unataka kupasula pupu, ukufe mbele ya kuoa?"

Akaminya punje nene kwa kucha, haikuvunjika. Akaomba karatasi nyeupe, akamwaga chembe chache juu yake, akagusisha kijiti cha moto. Ikawaka mara moja, fuu, na karatasi ikabaki karibu safi.

"Angalia muzuri," akaniambia. "Baruti ya kweli inaendaka yote. Ile ya uongo inaachaka masizi."

Nikachukua ile nene, nikatoka dukani kifua mbele.

Kambini baruti ilikatazwa, na kapita, msimamizi wetu, alikuwa na tabia ya kupekua nyumba. Mtani aliishi nje ya kambi, akasema nimwachie yeye. Alizungushia kifuniko nta ya mshumaa mbele ya macho yangu. "Usifungule mpaka mu pori," akasema, "mvula iko karibu, maji itaingia." Likizo yangu ilipofika alinikabidhi kopo, nta ikiwa mahali pake. Kulifungua pale pale kwake nisingethubutu. Ingekuwa ni kumwita mwizi, na mtani huitwa mwizi kwa mzaha tu.

Nilivuka mto kwa baiskeli, nikachukua pupu kwa shangazi. Siku ya tatu porini nikamkuta pongo dume, karibu kiasi cha kuona masikio yake yakifukuza nzi. Wakati wa kushindilia nilikuwa nimeona vumbi jeusi katikati ya punje. Nikajiambia ni barabara mbaya, baiskeli imezisaga. Nikalenga. Fataki ya kuwashia baruti ikalia ta! Kisha bunduki ikakohoa, moshi mzito ukatoka, na risasi ikadondoka kwenye majani hatua chache mbele ya miguu yangu. Pongo alinitazama, akaondoka bila hata kukimbia.

Nikachana ukingo wa karatasi ya kibali, nikachoma chembe juu yake. Karatasi ikawa nyeusi tii. Ulikuwa mkaa wa kupikia, umetwangwa, na baruti kidogo ya kudanganyia jicho. Nilikaa chini nikalia, mtu mzima mimi.

Niliporudi Kolwezi nilikwenda moja kwa moja kwa baba mkwe, vumbi bado mwilini. Uani watu walikuwa wanakula. Mtani ameketi kando ya mzee, shati limepigwa pasi. Siku zile nilizokuwa ng'ambo aliazima bunduki ya mtu, akaijaza baruti yangu, akampiga pongo wake, na paja akalileta kwa jina lake mwenyewe.

"Mutani wangu!" aliita kabla sijafungua mdomo. "Baruti yako ni ya muzuri sana! Mi nilikuachia makala ya moto, upikie!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Baba mkwe akanitazama. "We ulisema, kijana," akasema. "Huyu alileta."

Nilitaka kumkaba koo. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, yakingoja kuona kama ukoo wetu una mtu asiyejua utani. Basi nikacheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikanawa, nikala ile nyama, huku mzee ameinuka kwenda kunong'ona na binti yake mlangoni mwa jiko.

Wiki ya harusi yao nilimkuta yule binti bombani, peke yake. Nilimwuliza kwa uchungu ni kitu gani nilichomkosea, hata akakubali kuchukuliwa vile. Aliweka ndoo chini.

"Siku ile ya nyama, mbele ya kukubali paja, baba aliniuliza kama mi namutaka mutani wako," alisema. "Nilikuangalia we kwanza. Kama ungekasirika, mi ningekatala. Lakini we ulikuwa unacheka, unakula."