Ncha ya Pili ya Shuka

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali ya serikali walimwita Mama Wanga, kwa kuwa ndiye aliyepika wanga wa kutia kwenye makoti ya madaktari. Jina hilo lilikuwa na maana mbili, na wenzake hawakuchoka kuichezea ile ya pili.

"Mama Wanga, jana ulitua juu ya paa la nani?"

"Lako. Mumeo anakoroma."

Shuka la wodini hukunjwa na watu wawili. Mmoja hunyanyua ncha zake na kusema "Shika". Wa upande wa pili hujibu "Nimeshika", ndipo wanapovuta. Mvuke ukiwa mzito hawaonani, kwa hiyo hakuna anayeachia mpaka aambiwe "Achia". Kwa miaka mingi aliyemshikia Mama Wanga alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Nyumbani waligombania kila kitu, kuanzia chumvi ya mboga hadi malezi ya watoto. Kwenye shuka hawakuwahi kukosana.

Kisha hali ikawa ngumu. Wizara ilibana matumizi, wafanyakazi wakapunguzwa, na wifi akawa miongoni mwa wa kwanza. Hakulalamika. Alikaa kwake kimya, akapungua, na mvua za mwanzo zikanyesha juu ya kaburi lake.

Mama Wanga aliporudi kazini baada ya msiba, alikuta meza ni yake peke yake. Kwa mazoea akasema, "Shika."

Hakuna aliyejibu. Lakini shuka lilinyooka.

Upande wa pili palikuwa na mvuke tu, na ncha mbili zimesimama usawa wa kifua cha mtu mfupi. Wifi yake alikuwa mfupi. Mama Wanga akavuta, akakunja, na zile ncha zikamjia mkononi zikiwa za baridi, ingawa shuka lilikuwa limetoka kukaushwa sasa hivi. Akachukua jingine.

Hakumwambia mtu. Tatizo ni kwamba kazi ilikwisha mapema kila siku, na msimamizi ana macho. Kama mwanamke mmoja anaweza, akawaambia wakubwa wake, wawili wa nini? Haukupita muda, tangazo likabandikwa mlangoni: kila meza mtu mmoja, na nusu ya wafuaji waondoke.

Chama cha wafanyakazi kikaitisha mgomo. Katibu wa tawi, ambaye kazi yake ni fundi bomba wa hapohapo hospitalini, aliwakusanya wafuaji saa ya chai. Mashuka ya wodi za mahututi na wazazi yameshatengwa yafuliwe, alieleza. Mengine yabaki machafu mpaka wizara isikie.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema.

"Na huyu mwenye vidole ishirini?" aliuliza mpiga pasi, bila kumtazama Mama Wanga. "Sisi tugome, yeye abaki anakunja. Si ndiye aliyetuponza?"

"Mimi sikunji peke yangu."

"Unakunja na nani, mwenzetu?"

Akinyamaza, hawatagoma, na nusu yao wataifuata njia ya wifi yake. Akisema, ataitwa lile jina bila utani. Mama Wanga alichukua shuka kwenye rundo, akalitikisa.

"Shika."

Shuka likanyooka. Mpiga pasi alirudi nyuma mpaka ukutani. Mtu alianza kusali kwa sauti ya chini. Katibu alivua kofia, akapatazama pale mahali patupu.

"Alikuwa mwanachama?"

"Hakuwahi kujitoa."

"Basi mwambie. Mgomo ni wa wote."

Mama Wanga aliusikia mvuto mdogo mkononi, kama zamani walipotaniana.

"Wifi," alisema, "tumeweka kazi chini. Achia."

Halikuachiwa.

"Labda hataki," alinong'ona mpiga pasi.

"Lini alitaka ninachotaka mimi? Wifi, nisikilize. Ukiendelea kunishikia, hawa watafukuzwa kama ulivyofukuzwa wewe. Achia."

Ncha mbili zilishuka polepole na kulazwa sakafuni, moja juu ya nyingine.

Mpiga pasi ndiye aliyetangulia. Alichomoa waya wa pasi yake ukutani, akatoka uani, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mashine zikazimwa. Mvuke ukaanza kupungua, na ng'ambo ya meza ukaonekana ukuta mtupu.

Mama Wanga alikuwa bado amesimama, ncha zake ziko mkononi. Katibu alimgusa bega.

"Na wewe, mama."

Akaachia.