Nilisema "Mchukue"

Usiniambie nilikuwa na usingizi. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Voi lile la kupasua mawe, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nasugua sakafu. Nakueleza kitu kilichonipata mimi na mtoto wangu. Sikuhadithiwa.

Nje kidogo ya mji kuna nyumba ya shamba ya mzungu wa mkonge. Mzungu alienda zake zamani, nyumba ikafanywa makumbusho. Watu huja kuangalia kitanda alicholalia, sahani alizolia, hata choo chake. Nilipata kazi ya usafi pale Mwakio akiwa na miezi minane. Baba yake alikuwa ameshahamia kwa mwingine, kwa hivyo nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda naye kazini. Ningemwacha na nani? Mama yangu yuko Werugha, na kutoka Voi kwenda kule si kuvuka barabara.

Siku hiyo kulikuwa na wanafunzi wanakuja. Meneja akapita, akamwangalia mtoto mgongoni kama mtu anayeangalia tope kwenye zulia, akaniambia nimtue, wageni wasimwone. Nikamtua. Nikatandika leso barazani, nikamkalisha, nikaingia chumba cha kulia na ndoo yangu. Hazikuisha dakika mbili, akaanza kulia.

Ndipo mama mmoja akasimama mlangoni. Gauni jeupe, aproni, kitambaa kichwani, miguu mitupu. Sikushtuka. Wageni wakiwa wengi, meneja huwavalisha vibarua nguo za kizamani ili nyumba ionekane ya wakati ule. Nilidhani ni kibarua mpya.

"Nimchukue?" akauliza.

"Mchukue tu," nikasema. Sikuinua hata kichwa.

Sisi Wataita ndivyo tunavyosema. Mtu wa Mombasa atakuambia nishikie mtoto. Sisi Kiswahili tulikipata shuleni. Kushika, kubeba, kupokea, yote kwetu ni kuchukua.

Kilio kikakatika palepale, kama redio imezimwa. Mama mwenzangu, unajua mtoto akinyamaza hivyo unafurahi kwanza, halafu moyo unakuuliza swali. Nilimaliza pembe moja ya chumba nikatoka. Baraza tupu. Leso imekunjwa mara nne, vizuri kabisa.

Nilimkuta chumba cha watoto, amekaa kwenye kile kiti kifupi kilichozungushiwa kamba ili wageni wasikikalie. Kamba haikuguswa. Alikuwa ananyonyesha. Mtoto wangu, titi la mtu mwingine.

Nikamwambia anipe mtoto.

"Ulisema nimchukue," akajibu. Hakuwa na ubishi. Alisema kama mfanyakazi anayemkumbusha tajiri yake maagizo.

"Nilitaka unishikie."

"Hukusema hivyo." Akampangusa mdomo kwa kidole cha shahada, kimepinda kama ndoana. "Mimi wangu nilisema wanishikie. Nikaja huku kunyonyesha wa wenyewe. Niliporudi nyumbani nikaonyeshwa kaburi."

Nikaruka kamba, nikamvuta mtoto. Hakunizuia. Alichukua aliyepewa, kunyang'anywa alikuwa ameshazoea. Mwakio alikuwa na maziwa pembeni mwa mdomo, mazito, ya moto. Niliangalia chini nimfute, na nilipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu. Mlango wa chumba kile ni mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa kati yake na mlango.

Ukutani kuna picha ambayo nilikuwa naipangusa vumbi kila siku. Mtoto wa kizungu amepakatwa. Aliyempakata amekatwa na fremu shingoni, hana kichwa, anaonekana mikono tu. Chini wameandika jina la mtoto, halafu "na yaya". Kidole cha shahada kimepinda.

Nilikimbia hadi getini. Mzee wa lango aliponiona hakuuliza nimeona nini. Aliuliza, "Amekuambia nini?"

Walikuwa wanajua. Wote. Akaniambia, "Mama Mwakio, sisi wa hapa watoto hatuwaleti."

"Na mimi mbona hamkuniambia?"

"Ungekubali kazi?"

Sikurudi, hata nguo zangu za kazi ziko kule mpaka leo.

Mwakio hakunyonya kwangu tena. Maziwa yaliniuma kifuani wiki nzima, yakakauka. Mchungaji amemwombea mara mbili. Sasa ana miaka mitatu, mzima wa afya, anakula, anacheza. Bibi yake anamwita bibi, mjomba anamwita mjomba. Mimi nikimwita, anakuja polepole, anasimama mbele yangu mikono imenyooka, anasema, "Ndiyo, memsabu."

Neno hilo watumishi wa zamani walimwitia bibi wa kizungu, na kwetu halisemwi na mtu. Mama yangu alipolisikia mara ya kwanza aliweka kikombe chini, hakumaliza chai.

Hasira yangu si kwa yule mama. Yeye alifanya alivyoambiwa, maisha yake yote, na hata baada ya maisha. Hasira yangu ni kwa waliofunga midomo. Wewe unayesoma, nenda makumbusho ukitaka, kaone sahani za mzungu. Lakini kama una mtoto mgongoni na mkubwa akakuambia umtue ufanye kazi, nisikilize mimi: tua ndoo.